Sinema ya Chumba cha Mpingo

Walisema sitaweza. Issa kinyozi, aliyekuwa na kiti chake kando ya njia iendayo hospitali ya Mwananyamala, alisema sinema haijawahi kutengenezwa na mtoto mwenye kaptula iliyotoboka nyuma. Binamu yangu Beno, aliyefagia kwenye jumba moja la sinema mjini na kwa sababu hiyo akajiona mtaalamu, alisema picha haiwezi kuonekana ukutani bila umeme, na sie nyumbani tulikuwa na kandili na koroboi tu. Baadaye wakaja wengine. Wakasema sitamaliza shule ya ufundi. Nilipomaliza wakasema stashahada ni ya watoto wa wakubwa. Nilipoipata, tena ughaibuni, kwa lugha niliyojifunzia hukohuko, wakasema mtu akishaonja Ulaya harudi. Stashahada hiyo leo imetundikwa sebuleni kwangu Bunju, na nyaya zote za umeme za nyumba hiyo nimezitandaza kwa mikono yangu. Sijaona jambo nililoambiwa sitaliweza likanishinda. Nasema hivyo bila haya kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Juzi seremala alikuja kunichongea kishikio cha mlango kwa kipande cha mpingo. Nilikuwa nimekaa barazani na gazeti langu. Alipoanza kupiga msasa, vumbi lile jeusi likapanda, na ile harufu yake, kama kitu kitamu kilichoungua kidogo, ikanifikia. Mtu mzima mwenye wajukuu, niliyepanda nguzo za umeme kwenye baridi ya kupasua ngozi, nikageuka haraka kutazama barabarani kama kuna lori.

Nyie wa rika langu mnalijua lori ninalolisema. Zilikuwa siku za foleni ya sukari na ugali wa unga wa njano, na redio ilikuwa ikisema kila siku kwamba kila mtu afanye kazi. Mtu aliyekutwa mjini bila kitambulisho cha kazi alipakiwa kwenye lori akapelekwa kijijini kulima. Wakubwa walilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, na kwa kuwa walishusha sauti, sie watoto tulijaza wenyewe yale tusiyoyasikia. Mie niliamini kwamba mtu akishushwa huko kijijini anasahau jina lake. Sikumbuki nani aliniambia. Kichwani nilimwona mtu amesimama katikati ya mashamba na jembe mkononi, anaitwa na wanawe, hageuki. Na mtu huyo kila mara alikuwa na mabega ya baba.

Baba alikuwa mchongaji. Alikuja Dar kutoka Newala kabla mie sijazaliwa, na alichonga nyuma ya nyumba yetu, peke yake, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tajiri mmoja wa mjini alimletea magogo ya mpingo na kuja kuchukua vinyago. Kazi alikuwa nayo, na mikono yake ilikuwa na sugu kama kwato, lakini kitambulisho hakuwa nacho, kwa sababu hapakuwa na ofisi wala kiwanda ambacho kingesema huyu ni mtu wetu. Kwa macho ya operesheni hiyo ya malori, baba alikuwa mzururaji anayeketi nyumbani. Mama alituagiza, mimi na dada yangu Anastazia, kwamba mtu yeyote akiuliza baba yuko wapi, tuseme kasafiri.

Sasa, mpingo mbichi hautaki jua. Ukiuacha nje unapasuka, na gogo lililopasuka halifai hata kwa mchi. Kwa hiyo baba alitenga chumba kimoja, kile cha upande wa machweo, akayalaza magogo humo chini ya magunia aliyoyalowesha maji. Dirisha lake la mbao halikufunguliwa. Humo ndani mchana ulikuwa giza, ubaridi, na harufu ile. Likizo ndefu ilipoanza, na jua la Desemba likatukimbiza uwanjani, mie ndiye niliyegundua kwamba kwenye ubao wa dirisha kulikuwa na tundu la msumari, na kwamba mchana, jua likianza kuinama, kijiti cha mwanga kilipita kwenye tundu hilo na kuchora duara ukutani. Watoto wengine wangepita. Mimi niliketi nikalitazama duara lile mpaka lilipofika kona na kufa.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuazima. Sikuwa na kitu changu hata kimoja. Issa kinyozi, pamoja na kunicheka, alinipa kimojawapo cha vioo vyake viwili, kile kikubwa, kilichobanduka pembe. Mama Shirini, mke wa mwenye duka la Kihindi pale kona, alinipa globu iliyoungua, akasema niirudishe maana mwanawe naye hukusanya vitu visivyo na maana. Beno aliniazima vipande vya filamu alivyoviokota chini ya mashine, vile ambavyo mwonyesha sinema hukata vikikwaruzika. Na shuka jeupe, kubwa, la kitanda cha watu wawili, nililipata kwa Mama Chande.

Hapo ndipo nilipojitia matatani. Mama Chande alikuwa mke wa Mzee Chande, na Mzee Chande alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Yeye ndiye aliyejua kila nyumba ina watu wangapi na wanafanya nini. Yeye ndiye ambaye mgambo wakija na lori lazima awatangulie awaonyeshe. Lakini hakuna mwanamke mwingine mtaani mwetu aliyekuwa na shuka jeupe la kuazima mtoto, na mimi nilikuwa nimekwisha kuiona sinema kichwani. Mama Chande alilitoa kabatini, akanionya lisiguse sakafu.

Niwaeleze ufundi wenyewe, maana hata sasa najivunia. Globu unaivunja kitako chake taratibu kwa msumari, unatoa uzi wake wa ndani, unajaza maji safi na kuziba kwa nta. Inakuwa kioo cha kukuzia. Nje ya dirisha, Anastazia anashika kioo cha kinyozi na kulirusha jua ndani kupitia tundu. Mwanga unapita kwenye filamu niliyoibana katika kipande cha boksi, unapita kwenye globu, unakwenda kutua kwenye shuka nililolitundika mbele ya ukuta. Mara ya kwanza mwanamume mwenye kofia alitokea shukani, mkubwa kuliko baba, lakini amesimama kwa kichwa. Beno alicheka mpaka akalala juu ya magogo. Nikaigeuza filamu juu chini, na yule mwanamume akasimama kwa miguu. Beno akainuka kwenye magogo, akasogea. Nilikuwa bado sijafika darasa la tano.

Baada ya siku chache chumba kilikuwa kinajaa. Watoto walikaa juu ya magogo, kwenye yale magunia yenye unyevu, wakatoka na makalio yamelowa na mama zao wakawauliza wamefanya nini. Nilivuta filamu kidogo kidogo na kueleza hadithi yake kwa sauti, hadithi niliyoitunga mwenyewe, maana vipande havikuwa vya filamu moja. Mwanamke wa Kihindi anayecheza alikuwa mke wa yule mwenye kofia. Farasi mweupe alikuwa wa baba yake. Anastazia huko nje alikuwa na kazi ngumu kuliko yangu, nakiri, kwa kuwa jua haliketi. Ilimbidi akisogeze kioo kidogo kidogo kulifuata, na akizubaa tu, giza linaingia na watoto wanapiga kelele, Ana, Ana, umelala.

Kisha alasiri moja mlango ulifunguka na Mzee Chande akaingia.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa na rangi ya chai. Sote tulisimama tukasema shikamoo kwa pamoja kama tuko darasani. Akaitikia, akaniuliza, "Baba hajambo? Yuko?"

Mtu mzima yeyote angeuliza hivyo. Ukiingia nyumba ya watu unamuulizia mwenye nyumba, ndiyo adabu. Lakini mie sikusikia adabu. Nilisikia lori. Nikasema baba kasafiri. Na wakati nasema, huko nyuma ya nyumba tezo la baba la kuchongea lilikuwa linapiga, tok, tok, tok, bila haraka, kama saa.

Mzee Chande alisikiliza kidogo. Akasema, "Haya. Akirudi msalimie." Akaenda kukaa kwenye gogo la mwisho, karibu na mlango.

Alirudi kesho yake. Na keshokutwa. Kila alipokuja aliuliza, baba hajambo, yuko, na kila mara nilimjibu kasafiri, na kila mara tezo likanikana. Nilijua anachofanya. Anahesabu magogo. Anapima nyumba. Anasubiri siku nitakayochoka kudanganya. Nilianza kuota kwamba namvuta yule farasi mweupe kwenye filamu, na kwenye kipande kinachofuata kuna lori. Chakula kikawa hakipiti. Mama akadhani nina minyoo, akanipa dawa chungu. Sikuweza kumwambia kitu, kwa kuwa shuka lilikuwa la Mama Chande, na mie ndiye niliyekwenda kuliomba, na kwa hiyo mie ndiye niliyemleta balozi ndani ya nyumba yetu. Niliwaza kulirudisha shuka. Lakini nikisema sinema imekwisha, si ndipo atakapouliza kwa nini?

Nilimwambia Anastazia. Yeye alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto, akasema, "Anakuja kupumzika tu. Huko nje watu wanamwuliza sukari lini, unga lini, mpaka anajificha. Humu ni giza, nani atamwona?" Nikamwambia yeye hajui kitu, yeye kazi yake kushika kioo.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Chumba kilijaa, joto likapanda, Mzee Chande akaja, akauliza, nikamjibu, akakaa. Nilikuwa nimefika kwa farasi. Ghafla picha ikaanza kuruka. Farasi akaenda juu, akashuka, akakimbilia kwenye dari, akarudi. Watoto wakapiga makofi wakidhani ni ufundi mpya. Mimi nilidhani Anastazia amechoka, nikafungua mdomo nimkaripie kupitia dirishani. Halafu nikasikia muungurumo, mzito, unaopanda njia ya mchanga kwa gia ndogo, na nikajua ni mkono wa dada yangu uliokuwa unatetemeka.

Tezo likanyamaza.

Nimesikia vitu vingi vya kutisha maishani. Nimesikia transfoma ikilipuka mita chache kutoka niliposimama. Sijasikia kitu kilichonitisha kama tezo lile kunyamaza. Mlango mdogo wa nyuma ukafunguka na baba akaingia, kifua wazi, mweusi wa vumbi la mpingo kuanzia nywele mpaka kiunoni, jasho limechora mifereji. Nje alishaona makofia ya kijani ya mgambo pande zote mbili za ua. Alitutazama, akaona chumba kimejaa watoto, hakuna pa kwenda. Akapita kando ya ukuta, akaingia nyuma ya shuka.

Yote hayo yalichukua muda wa mtu kukohoa. Watoto wengi walikuwa wanatazama picha. Lakini mlango alioingilia uliachia mwanga, na katika mwanga ule nilimwona Mzee Chande amegeuza kichwa. Alimwona baba. Alimfuata kwa macho mpaka shuka liliposhuka na kutulia. Kisha akanitazama mimi.

Mlango wa mbele ukapigwa. Mgambo mmoja akaingiza kichwa, kijana, mwenye rungu, uso unang'aa kwa jasho. "Balozi yuko humu? Mkewe kasema yuko humu."

"Nipo," alisema Mzee Chande.

"Mzee, tumekutafuta mtaa mzima. Lori linasubiri. Twende ututembeze."

"Ingia, mwanangu, ufunge mlango. Unaharibu picha."

Kijana yule akasita, kisha akaingia akafunga. Akasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake juu ya utosi wangu na harufu ya ngozi ya mkanda wake. Akauliza hii nyumba ya nani, na mwenyewe yuko wapi, anafanya kazi gani. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza balozi, kama ilivyo taratibu.

Mzee Chande hakuwa na haraka. Akajikuna ndevu. "Mtoto huyu nimemwuliza baba yake kila siku nikija hapa. Kila siku ananiambia kasafiri. Na leo mie nimekaa humu tangu nilipotoka kuswali adhuhuri. Angekuwapo, ningekosa kumwona?"

Mgambo akaguna. Hakuondoka. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzoea giza, na yalikuwa yametua kwenye shuka. Huko nje, sijui kwa nguvu gani, Anastazia alikuwa amekituliza kioo, na farasi mweupe alikuwa amesimama sawasawa, mkubwa, mwenye manyoya ya shingoni yanayoonekana moja moja. Na ubavu wake ulikuwa unapanda na kushuka.

Nilipoliona hilo nilihisi mkojo unataka kunitoka. Baba alikuwa amekimbia, na chumba kilikuwa na joto, na kati ya shuka na ukuta hapakuwa na nafasi zaidi ya kifua cha mtu. Kila alipovuta pumzi, shuka lilijaa. Kila alipoitoa, lilirudi. Farasi alikuwa anahema.

"Mbona anapumua?" mgambo akauliza.

Watoto wote wakanigeukia. Nilijua nikikaa kimya atanyoosha mkono aguse. Yeyote angegusa. Na sauti iliyonitoka sikuijua, ilikuwa sauti ya mtu anayeuza kitu sokoni.

"Ni ufundi," nikasema. "Nimeutengeneza mwenyewe. Mjini hawana."

"Unafanyaje?"

"Ni maji yaliyomo kwenye globu. Yakipata moto yanatikisika, na picha inahema. Usisogee, kaka, ukizuia mwanga anakufa."

Nilitunga palepale. Hakuna maji yanayofanya hivyo, na nina stashahada ya kuthibitisha. Lakini kijana yule akarudi nyuma hatua moja ili asimwue farasi. Akakaa, kwa heshima kabisa, juu ya gogo la mpingo lisilo na kibali cha serikali, kwenye gunia lenye maji, rungu kati ya magoti. Akatazama. Nadhani hakuwa mkubwa kuliko Beno. Nadhani hakuwahi kuingia sinema.

Sikuthubutu kuvuta filamu, maana picha inayofuata ilikuwa ya ukuta mtupu na mlango, na ukuta unaopumua ungetumaliza. Nikamwacha farasi. Nikaanza kumsimulia. Nikasema ametoka mbali, amekimbia jangwa zima, ana kiu, bwana wake anamwambia tulia, tulia sasa, tumefika, pumua polepole. Nilisema maneno hayo kwa sauti kubwa nikitazama shuka. Polepole, nikasema. Hakuna anayekufuata. Na ubavu wa farasi ukapunguza kasi. Ukapanda kidogo. Ukashuka kidogo. Mpaka ilibidi ukaze macho ndipo uone.

Nje dereva alipiga honi. Mzee Chande akainuka, akajipangusa kanzu, akasema kazi inatusubiri. Mgambo akainuka naye, suruali imeloa nyuma. Mlangoni akageuka akasema, "Dogo, una akili." Ni cheti changu cha kwanza. Kisha wakatoka, na tukasikia sauti ya balozi ikiwaongoza kwenda upande mwingine wa mtaa, mbali na kwetu.

Lori halikuondoka tupu. Lilimchukua muuza kashata wa pale kona, na wengine nisiowajua, na jioni mke wa muuza kashata alikaa nje ya mlango wake na sinia lake likiwa bado limejaa. Sikula kashata tena utoto wangu wote.

Watoto walipotawanyika, baba alitoka nyuma ya shuka. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, akauacha hapo muda mrefu, mzito, wenye harufu ile. Alimwambia mama, si mimi, kwamba mwanamume hajifichi mara mbili nyuma ya mwanawe. Alikuwa amesikia kuna kikundi cha wachongaji kinachoandikishwa upande wa njia ya Bagamoyo, watu wa kwetu, na aliyejiunga hupata kitambulisho. Atakwenda, na sie tutamfuata. Akaondoka alfajiri iliyofuata, kwa miguu, kupitia vichochoroni.

Mama alianza kufungasha. Akaniita akasema hatuhami na kitu cha mtu, nirudishe vyote kabla ya jua kuzama. Ndivyo sinema yangu ilivyokufa. Nilikibeba kioo kwa Issa kinyozi, naye akakipokea kwa mikono miwili akasema afadhali, likizo nzima amenyoa watu kwa kile kioo kidogo kilichobaki, kwa kubahatisha tu, na masikio ya wengine yanaogopa kurudi. Beno alihesabu filamu zake kama noti, akakuta zote, akasikitika kwamba hana la kunisema. Mama Shirini aliichukua globu, akaigeuza kwenye mwanga, akaona duka lake zima limo ndani juu chini, akamwita mumewe aje aone. Nilitoka kila mahali nikiwa mwepesi zaidi. Likabaki shuka.

Mama alikuwa amelifua mara kadha kwa kipande chetu cha mwisho cha sabuni ya mche. Halikutakata. Vumbi la mpingo likichanganyika na jasho halina tofauti na wino, na baba alikuwa amejibana humo kwa nguvu zake zote. Alikuwamo mzima. Paji la uso, pua, kifua, na viganja viwili vilivyotandazwa kila kidole mahali pake, kijivu juu ya nyeupe. Mtu yeyote angeona kwamba hapa alisimama mwanamume. Mama alilikunja na doa kwa ndani, akalikunja tena, akanipa bila kunitazama usoni. Sote wawili tulijua hatuwezi kutolirudisha.

Nilipoingia uani kwa Mzee Chande, yule mgambo kijana alikuwa amekaa mkekani anakunywa chai.

Baba alikuwa bado hajapata kitambulisho, hatukujua hata kama amefika. Mzee Chande alikuwa kwenye kigoda, anatengeneza kandambili. Nikaamkia wote. Mgambo akanitambua, akacheka, akamwambia balozi huyu ndiye fundi wa farasi. Mama Chande akatoka jikoni akijifuta mikono, akalipokea shuka, na nikawa naomba moyoni aliingize ndani hivyohivyo. Lakini mwanamke akirudishiwa shuka lake hulikunjua alitazame. Ndivyo ilivyo. Akashika pembe mbili akalikung'uta, upepo ukalipokea, na baba akafunguka katikati ya ua, mikono juu, mbele yetu sote.

Mgambo aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe.

Mama Chande alilitazama shuka. Alitazama viganja. Alinitazama, na nadhani aliona uso wangu ulivyokuwa. Kisha akamgeukia mumewe, kwa ukali wa mke aliyechoka.

"Si nilikwambia doa hili halitatoka? Umelala na mafuta yako ya baiskeli, shuka langu la harusi. Ona. Mtu mzima na mikono yake."

Mzee Chande hakuinua macho kutoka kwenye kandambili. "Nisamehe, mke wangu," alisema. "Nilichoka siku hiyo."

Mgambo akacheka, akasema hata mama yake hugomba hivyohivyo. Mama Chande akalitundika shuka kwenye kamba, upande wenye doa ukitazama ukuta, akatandaza kanga mbili juu yake. Kisha akachukua birika akamwongezea mgambo chai.